Mjomba na Mizigo ya Wakwe

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Alikuwa nayo msituni upande wa Usinge, na tulipokuwa wadogo akija kututembelea kwetu Cheyo, mjini, baba alimtandikia mkeka kwa mkono wake mwenyewe. Kisha ikaja amri ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Kijiji alichopangiwa kilikuwa kando ya barabara, mbali na mizinga yake. Akalima, mvua ikakataa, akaja mjini kutafuta riziki. Alipata uhamali, kubeba mizigo ya abiria pale stesheni ya treni, akapanga chumba mtaa wa Ipuli.

Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Sisi tulijihesabu watu wa mji wa zamani, na watu wa mji wa zamani walikuwa na macho makali juu ya nani anakula kwa kazi gani. Baba hakumfukuza mjomba. Aliacha tu kumtaja. Wateja wakiuliza habari zake, alisema, "Yupo, anahangaika," kisha akakanyaga cherehani kwa kasi zaidi.

Dada yangu akaposwa na kijana wa Kigoma, na ikapangwa siku ya wakwe kuja. Jioni moja baba alimwita mjomba uani.

"Shemeji," alisema, "wageni hawa hawatujui bado. Siku hiyo labda ungepumzika kwako."

Mjomba aliitazama mikono yake. "Nimekuelewa, shemeji."

Alipoondoka, mama alishindwa kujizuia. "Babu yetu alibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani, na akirudi alipokewa kwa vigelegele. Leo kaka yangu akibeba sanduku imekuwa aibu?"

"Enzi zimebadilika," baba akajibu.

"Enzi, au wewe?"

Siku yenyewe treni ilichelewa mno. Jirani aliyetumwa kuwapokea wageni alichoka kungoja, akarudi. Tulikuwa bado tunashauriana tuliposikia hodi. Mbele alisimama shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti nzito, pamoja na wazee wawili. Nyuma yao, kichwani amejitwika kapu kubwa la dagaa na mkononi sanduku, alikuwa mjomba.

Baadaye alitueleza kwamba alipoambiwa nyumba wanayokwenda, alitaka kukataa. Lakini mahamali wenzake walikwisha kuchukuliwa na abiria wengine, na miguu ya yule mama ilikuwa imevimba kwa safari. "Ningemwachaje kwenye jua lile?" Alikusudia kutua mzigo mlangoni na kwenda zake.

Baba alimwona. Aliwakaribisha wageni kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake, na macho yake yakampita mjomba kama anayetazama ukuta.

Ndipo dada akatoka ndani. Mchumba hatoki mbele ya wakwe bila kuitwa, na mama alijaribu kumshika kanga, akamkosa. Dada alipiga goti pale mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Dada akainuka, akalipokea lile kapu. Mimi nikakimbilia sanduku.

Shangazi akauliza, "Huyu ni nani wenu?"

Dada alimtazama baba, nasi sote tukamtazama. "Ni kaka wa mama yao," baba akasema. "Shemeji yangu."

"Mungu wangu! Nimembebesha mkwe wangu mzigo!" Yule mama alimshika mjomba mikono yote miwili. "Unisamehe, baba. Na njia nzima nimekuwa nikikuhimiza."

Mjomba akacheka. "Umehimiza vizuri, mama. Si tumefika?"

Alitaka kuondoka, akasema ana jasho. Baba akaenda mwenyewe kumletea maji ya kunawa, akampisha mahali pake mkekani. Mzee mmoja wa Kigoma alinuna, akala kidogo sana, na maneno aliyoyapeleka kwao yaliichelewesha ndoa hadi mavuno yaliyofuata. Lakini ilifungwa, na mjomba alikaa miongoni mwa wazee wetu.

Nisingesema mambo yalisahaulika. Baba alimwalika kila sikukuu. Mjomba alikuja baadhi, nyingine akatuma udhuru, nasi tulijua kwa nini.

Kisha vitambaa vikaadimika madukani. Baba alibaki kutia viraka, mwisho hata viraka vikakosa uzi, akawa anakaa nyumbani. Wakati huo mjomba alikuwa amerudi kijijini kulima, na kila aliyekuja mjini kutoka kwao alitushushia furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

Mara ya kwanza mama alipoipika, baba aliitazama sahani bila kuigusa.

"Kula, baba watoto," mama akamwambia taratibu. "Hiki ni chakula, si kesi."

Akala.