Waridi la Kwenye Kopo la Mchanga

Siyo plastiki. Umeshalisema hilo mara mbili tangu uingie, nami nimekunyamazia kwa sababu wewe ni mgeni, ila ya tatu tutagombana. Hilo ua lililo ndani ya chupa hapo juu ya mlango lilichanua hapa hapa Karatu, mimi nina miaka minane, shule yenyewe sijaanza. Aliyelikausha ni bibi yangu.

Mama alikuwa mbali, mji wa Wasso, anapika kwenye mgahawa. Kabla hajaondoka alichomeka kijiti cha waridi mlangoni, kijiti chenyewe kimeokotwa kwenye shamba la kahawa bibi alikokuwa anapalilia. Akasema kikishika, na yeye mambo yake huko yatashika. Halafu akaumwa, akalazwa hospitali huko huko. Barua yake niliisoma mimi, maana bibi hakujua kusoma, na mimi nilikuwa nimejifundisha kwa magazeti ya kufungia sukari. Hakuomba dawa wala hela. Aliuliza tu kama kijiti kimeshika. Majirani wakanong'ona kwamba huyo ameshakata tamaa.

Na wiki ile ile kikatoa ua. Moja tu, jekundu.

Sasa kufika Wasso ilikuwa kusubiri lori, kisha siku mbili za vumbi. Ua bichi lingefika limeoza. Bibi akachota mchanga mtoni, akauchekecha kwa kitambaa chake cha kichwa, akaukaanga kwenye sufuria mpaka ukawa mkavu kama chumvi, jikoni kukanukia mvua ya kwanza. Ulipopoa akalisimamisha ua ndani ya kopo la maziwa ya unga, akawa anamwaga mchanga kijiko kwa kijiko katikati ya petali, taratibu, kama anamlisha mtoto. Alifundishwa na mpishi wa mwenye shamba. Akafunga kopo, akanikataza kuligusa.

Siku ya tatu nikaligusa. Nilitaka kuchungulia tu, petali moja ikabaki mkononi. Nililia nikijua nimemuua mama. Bibi hakunipiga. Alikoroga uji mzito wa ngano, akaibandika, akasema, "Mke mwenzangu, mkono wako hauna breki."

Lori lilipopatikana, utingo alitaka kopo likae juu na magunia. Bibi akamwambia basi na yeye wampakie huko huko. Akalipakata siku zote mbili, mimi nimebanwa ubavuni mwake.

Hospitalini mama alilishika lile ua, akaligeuza geuza. "Hii moja mbona imekaa upande?" Bibi akaninyooshea kidole, akamsimulia habari ya uji. Mama akacheka mpaka akakohoa, halafu akaomba uji wa kunywa. Mwezi uliofuata alirudi nyumbani na ua lake.

Bibi hayupo tena. Mto ule malori yamebeba mchanga wote, umebaki mawe matupu. Lakini kijiti kiko pale nje, siku hizi ni kichaka, na kuna ua linafunguka kesho. Mchanga wa bibi nimeuficha uvunguni, kopo zima. Sasa, unachekecha au unaendelea kubisha?