Mkuu Aliyejibana Dawati la Nyuma

Kengele inalia, na mwalimu wa hesabu anafuta ubao kwa kitambaa chenye unyevu. Wanafunzi wamembandika jina la Mama Kwanini, naye analijua. Anaandika hesabu ya kujumlisha sehemu, anageuka, anamnyooshea chaki msichana aliyekaa dirishani.

"Umepataje?"

"Nimetafuta namba inayogawanyika kwa asili zote mbili, mwalimu."

"Kwa nini?"

Darasa zima linacheka. Msichana anajikuna kichwa, kisha anaanza kueleza hatua kwa hatua. Mwalimu anasubiri bila kumkatiza.

Miaka miwili iliyopita asingesubiri. Kati ya wanafunzi wake arobaini na wawili, tisa tu ndio waliofaulu hesabu, na kwenye kikao cha shule wazazi walisema bila kumung'unya maneno kwamba aondolewe. Mshahara wake ndio unaolipa kodi ya vyumba viwili na dawa za mama yake.

Mwalimu mkuu aliwaomba wazazi wampe mwaka mmoja. Kesho yake akaingia darasani, akajibana kwenye dawati la nyuma katikati ya watoto, magoti yakigusa meza.

"Nilijua amekuja kunitafutia makosa," anasema Mama Kwanini. "Jasho lilinitoka, na chaki ikanikatikia mkononi."

Kipindi kilipokwisha, mkuu hakumwita ofisini. Alibaki naye palepale darasani, watoto walipokwisha kutoka.

"Mwalimu, kila ukiuliza 'mmeelewa?' wanaitikia 'ndiyooo'," alimwambia. "Yule wa ubavuni kwangu ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, na hajaandika hata namba moja."

"Nilinuna wiki nzima," anakiri mwalimu. "Ukweli unauma, ndugu yangu!"

Mkuu hakujali kununiwa, alirudi kila wiki. Tena akamkaribisha kwenye kipindi anachofundisha yeye mwenyewe. Huko mkuu alikosea kujumlisha ubaoni, mtoto akamsahihisha mbele ya wenzake, naye akasema asante na kuendelea. Hapo ndipo hofu ilipomtoka Mama Kwanini, akaacha kabisa kuuliza kama wameelewa, akaanza kuuliza "kwa nini?"

"Mpishi asiyeonja mchuzi atajuaje chumvi imezidi?" anauliza mkuu huyo, anayestaafu mwishoni mwa mwaka. "Kukaa ofisini kungoja matokeo ni kungoja walaji walalamike."

Mwaka jana walifaulu thelathini na wanne. Baba mmoja, aliyekuwa wa kwanza kutaka aondolewe, alifunga safari kuja shuleni.

"Aliniambia, 'Dada, nisamehe.' Nililia kama mtoto," anasema mwalimu. "Lakini wa kushukuriwa ni mkuu. Angeweza kunitosa, hakunitosa. Namhesabu mzazi wangu."

Sasa manung'uniko ya wazazi yamehamia darasa la jirani, kwa mwalimu wa sayansi aliyeajiriwa juzijuzi. Mkuu amemruhusu Mama Kwanini atumie kipindi chake cha mapumziko kukaa nyuma ya darasa hilo, kuanzia wiki ijayo. Mama Kwanini alipokwenda kumwarifu mwenzake, alijibiwa "karibu" na uso uliokunjamana.

"Najua moyoni ananitukana," anasema, akicheka mpaka anafuta macho. "Atukane tu. Mradi wasimfukuze."