Kompyuta Iliyovaa Kitambaa

Enzi zetu kompyuta ilivaa kuliko mwenye nyumba. Mimi nilikuwa na kaptura ya shule na nyingine ya mitumba ya Gikomba yenye mfuko uliotoboka. Kompyuta ilikuwa na vitambaa vitatu vya kufuma, vikipokezana zamu.

Ninyi mliolelewa mtaa wetu wa Jericho hamhitaji kuelezwa. Kila kitu chenye mgongo kilifunikwa: makochi, redio, hata chupa ya chai. Mama alivifuma mwenyewe kwa uzi mweupe, ua la waridi katikati. Jumamosi alivifua na kuvitia wanga mpaka vikasimama wima kama askari wa gwaride. Jumapili alfajiri alivitandika, na siku hiyo nzima hakuna aliyevigusa. Kumwondolea mama kitambaa mbele ya wageni kulikuwa sawa na kumvua kilemba kanisani.

Kompyuta yenyewe Baba alipewa kazini, alikokuwa karani. Ofisi ilileta mashine mpya, wakamwachia ile ya zamani kama asante ya miaka mingi. Ilikuja kwa mkokoteni, Baba akitembea kando akiishika kama mgonjwa anayetolewa hospitali. Lilikuwa sanduku la kulala, rangi ya maziwa yaliyochacha, na kioo chake kizito kimekaa juu ya mgongo wake. Mama aliitazama, akaona mgongo mwingine usio na kitambaa.

Ilikuwa pole sana, maskini. Ukiiamuru ifungue programu ya kuandikia barua, ungeenda kibandani, ukanunua mandazi, ukagombana na mtu kwa foleni, ukarudi, ukute kile kialama cha saa ya mchanga bado kiko palepale. Watoto wa siku hizi wangelazwa kwa shinikizo la damu.

Nilikuwa kidato cha pili, na nilikuwa mtoto wa ndani. Wenzangu walicheza mpira wa makaratasi nyuma ya nyumba. Mimi nilidaka mara moja tu maishani, na nilidaka kwa pua. Basi nikabaki na kompyuta, pamoja na rafiki yangu Oti wa nyumba ya pili, ambaye binamu yake alikuwa fundi mjini. Siku moja Oti akaja na karatasi ya fotokopi ndani ya soksi.

"Niaje, Wekesa. Hii mashine yenu inaweza kukimbia," akaninong'oneza. "Imefungwa breki tu kiwandani."

Karatasi ilieleza kwamba ubongo wa kompyuta, yaani prosesa, unapangiwa mwendo kwa vikofia vidogo vya plastiki vinavyovikwa vijiti vya chuma kwenye ubao wake. Ukivihamisha, mbio zinapanda. Yetu iliandikwa megahezi mia moja sitini na sita. Sisi, watu ambao hatujawahi kutengeneza hata pasi, tukaitaka mia mbili thelathini na tatu.

Iliwaka, ikatusalimia, ikaganda. Ukisogeza kipanya, kimya. Tukalitoa bamba lake la kupozea, lile lenye meno kama kitana, maana karatasi ilisema chini yake panatakiwa kupakwa kitu cheupe cha kupitisha joto. Kitu cheupe tulichokuwa nacho nyumbani kilikuwa dawa ya meno. Tukaipaka. Kwa wiki nzima kompyuta ya Baba ilinuka mnanaa kama mtu anayekwenda kwa mahojiano ya kazi.

Tukashuka hadi mia mbili, na hapo ikatulia. Kipimajoto chetu kilikuwa kidole cha Oti: anagusa ukingo wa bamba, anahesabu. Akifika kumi bila kusonya, joto ni sawa. Na kupima kama imetulia, tuliiachia mchezo wa magari ujiendeshe wenyewe tukienda kula ugali na sukuma. Tukirudi tukakuta magari bado yanazunguka, tunapeana mikono kama maprofesa. Jumatatu hadi Jumamosi haikukosea hata mara moja.

Jumapili ikaanza kuganda.

Baba alijifunza kuchapa Jumapili baada ya ibada, na kila Jumapili, akifika ukurasa wa pili, mashine inakufa. Alidhani ni vidole vyake vizito. Mimi nilijua ni dhambi zangu, ila sikujua ni ipi. Tuliipima tena Jumatatu, ikakimbia vizuri.

"Hii kitu imeokoka, mse," Oti akatoa hukumu. "Jumapili haitaki kazi."

Ningeirudisha kwenye mwendo wake wa zamani, mambo yaishe. Lakini kiburi cha mtu aliyedaka kwa pua si kidogo. Mashine ile ndiyo kitu pekee nilichowahi kukimbiza.

Sasa sikilizeni. Baba alikuwa katibu wa chama cha watu wa nyumbani kijijini, miaka nenda miaka rudi, akiandika kila kitu kwa mkono. Mwenyekiti, Mzee Makokha, alikuwa amechoka na mwandiko huo. Alikuwa na mpwa mwenye taipureta, na alitaka ukatibu uende huko. Baba akaomba nafasi moja: mkutano ufanyike kwetu, atachapa katiba ya chama mbele ya wote. Ikishindikana, amwachie mpwa. Siku iliyochaguliwa, bila shaka, ilikuwa Jumapili.

Wakajaa sebuleni, watu kumi na wawili juu ya makochi ya watu sita. Baba, shati jeupe na tai, akainua kitambaa upande wa kioo tu, kama anayemfunua bibi harusi, kwingine kote kikaning'inia hadi mezani. Akawasha. Katiba ikatokea. Watu wakasema aaah. Akaanza kurekebisha jina la mweka hazina, na herufi zikakoma katikati ya jina.

"Inafikiria," Baba akasema.

"Hata mimi nafikiria, Katibu," Mzee Makokha akajibu. "Namfikiria mpwa wangu."

Wakacheka. Baba alicheka pia, nikaona shingo yake imelowa kwenye kola. Akazima, akawasha. Ikafika palepale, ikaganda. Mimi nilikuwa napitisha chai, na nilipopenya nyuma ya meza na sinia, pumzi ya moto ikanipiga kifundoni mwa mkono kutoka chini ya kitambaa. Moto kama wa jiko.

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku zote sisi tulikivua kitambaa kwanza ndipo tukacheza. Jumapili Baba hakukivua, maana nani angethubutu? Feni ya nyuma ya sanduku ilikuwa inapulizia wanga wa kitambaa.

Nikamwangalia Mama, amekaa wima, akijivunia waridi lake. Nikamwangalia Baba. Ilikuwa lazima mmoja wao aaibike, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nikaweka sinia chini, nikakivuta. Maua ya plastiki aliyoyapanga Mama juu yake yakaanguka.

"Wekesa! Unamvua nani nguo mbele ya wageni?"

"Mama, inaungua. Mimi na Oti tuliiongezea mbio bila kusema. Sasa inatoa joto jingi, na kitambaa kimeiziba pua."

Hata Mzee Makokha aliacha kutafuna. Mama akainuka, akaweka kiganja nyuma ya sanduku, akakiondoa haraka.

"Na ulikaa kimya wiki zote hizi?" akasema. "Hata uji wa mtoto hupulizwa."

Akaondoa vikombe kwenye sinia. Tukaizima, tukahamisha kioo, tukafungua sanduku, watu wakamaliza chai. Tulipoiwasha tena, Mama alisimama juu yake akiipepea kwa sinia, taratibu, kama anayepepea moto kwa kinyume. Printa ya zamani iliyokuja nayo ikaanza kulia kama mashine ya kusaga mahindi, ikalia mpaka ukurasa wa mwisho.

Mzee Makokha aliupokea, akausoma kwa mbali, kisha kwa karibu. "Katibu abaki," akasema. "Lakini mwandikeni Mama Wekesa humu ndani. Cheo, feni."

Wageni walipoondoka nilisubiri mshipi. Baba alikuwa anakunja kitambaa, pembe kwa pembe.

"Ulikuwa unaiharakisha iende wapi," akauliza, "na sisi sote tuko hapa hapa Jericho?"

Kesho yake nilirudisha vikofia mahali pake, yeye akinimulikia kwa tochi, na tukarudi kwenye saa ya mchanga na mandazi.

Leo watoto wangu wana simu inayoishinda mashine ile mara sijui ngapi, na picha ikichelewa kupepesa jicho tu wanaguna kama wazee wa pensheni. Hawajawahi kusubiri kitu mpaka kikawa na utamu. Baba ametangulia. Mama huja kututembelea, na kila akija kile kisanduku cha intaneti chenye taa huvaa.

"Baba! Nyanya amekifunika tena! Neti inasota!" watoto hupiga kelele.

Juzi nilienda kukagua. Nikaweka kidole, nikahesabu. Nilifika kumi bila kusonya. Nikanyoosha pembe ya kitambaa ili waridi likae katikati, nikawaambia inafikiria, nikatoka kwenda kununua mandazi.