Gari Lililoangalia Barabara

Simu ilinikuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa na nusu bado. Aliyepiga alikuwa binti mkubwa wa rafiki yangu, yule fundi wa nguo ambaye nimewahi kumtania mara kadhaa katika safu hii, na sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyelia mpaka akamaliza. "Tonton," aliniambia, "papa ametuacha hii asubuhi. Tunamuzika leo, kisha swala ya alasiri." Nilimwomba kinyozi aache palepale alipofika. Akautazama uso wangu kwenye kioo, akanivua kitambaa. Nikaenda mazikoni na kichwa cha nusu kilichofunikwa kofia. Angekuwa hai angenicheka mpaka machozi yamtoke, na angewasimulia majirani wote wa barabara yao. Badala yake ni mimi niliyesimama kando ya kaburi nikitokwa na machozi, na sijapata nafuu hadi ninapoandika haya.

Tulifahamiana miaka mingi iliyopita katika duka la vipuri la mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, siku tulipogombania kitu kimoja. Enzi zile nami nilikuwa na gari, la muundo uleule kama lake, na siku hiyo dukani ilikuwa imebaki diski moja tu ya klachi, ambayo sisi hapa Kisangani tunaiita ambrayaji. Ndicho kile kifaa kinachoungua ukichezea pedali ya kushoto bila akili. Mimi nilikuwa nimekwisha kuishika. Yeye akaomba aitazame tu. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa. Ndiyo, akainusa! Kisha akaniambia kwa huruma: "Ndugu yangu, hii usinunue. Iko ya kudanganya watu. Ngojea, ya kweli itafika na camion ya mizigo ya wiki ijayo." Nikamshukuru, nikaondoka. Jioni nikasikia kwamba ameinunua yeye. Nilimfuata kwake nikiwa nimefura, nikamkuta chini ya gari, miguu tu ikionekana, na ni kama miguu ile ndiyo iliyonijibu bila haya: "Bon, ya kwako ingekufa leo? Ya kwangu ilikuwa inakufa leo." Nilijaribu kukasirika zaidi, kicheko kikanishinda. Mkewe akatuletea wali na pondu ya majani ya muhogo, tukala kwenye kizingiti, mimi na mwizi wangu.

Gari langu lilinishinda, nikaliuza. La kwake alilishikilia. Lilikuwa gari refu la kijivu, lenye nafasi kubwa nyuma, ambalo yeye mwenyewe alilipandisha mtoni kwa baji, lile tishari la mizigo, kutoka Kinshasa, akilala ndani yake njia nzima na cherehani yake miguuni. Kila asubuhi akitoka kuswali, kabla hajanywa chai, alifungua boneti. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye kazi ya jana, akakizamisha tena, akakitazama kwenye mwanga. Aliangalia maji ya rejeta, akatikisa vichwa vya batri kuona kama vimelegea, akazunguka akigonga matairi kwa kisigino. Kisha aliwasha, akasimama pembeni mkono kiunoni, akisikiliza. Hata siku isiyo na safari aliliwasha, kwa kuwa, alivyodai, gari likikaa kimya sana linasahau kazi. Majirani waliamka kwa sauti ile. Watoto wa shule walijua wamechelewa kama injini ilikuwa imekwisha kuzimwa.

Na alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku moja. Aliporudi nyumbani hakuingiza gari uwanjani kwa uso. Alisimama barabarani, akageuza shingo, akaingia kinyumenyume kwenye lango jembamba, polepole, mpaka taa za mbele zikabaki zinaitazama barabara. Nilimuuliza mara moja kwa nini anajitesa hivyo, hata akiwa na njaa, hata mvua ikinyesha. "Mutu akigonjwa," alinijibu, "nitaanza kwanza kugeuza gari?" Kwenye barabara yao hapakuwa na gari lingine linalotembea. Wanawake walipoanza kuumwa uchungu walipelekwa na gari lile. Maharusi walipelekwa nalo, wazee waliovunjika mguu nalo, na Jumapili wanawe walikwenda nalo Wagenia, kwa wavuvi wa maporomoko, kununua samaki, magunia yakiwa yametandikwa ndani ili harufu isibaki. Kuna mtoto aliyezaliwa kwenye kiti cha nyuma kabla hawajafika hospitali. Rafiki yangu alilalamikia kiti chake wiki nzima, kwa kila aliyekubali kumsikiliza, kisha akashona kitambaa kipya cha kukifunika, na kwa masalio akamshonea mtoto yule kofia.

Sasa nieleze jambo linaloniuma. Binti huyu aliyenipigia simu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima, mwenye akili zake. Miaka miwili mitatu iliyopita alimwomba baba yake amfundishe kuendesha. Rafiki yangu alikubali, Mungu ndiye anajua kwa nini, na akanialika niketi nyuma. Tulikwenda barabara ya Bangboka, ile inayoelekea uwanja wa ndege, kwa sababu imenyooka. Binti akashika usukani kama aliyepewa mtoto mchanga.

"Kanyaga ambrayaji. Weka ya kwanza. Alors, sasa achia pole. Pole! Pole, mutoto wangu!"

Gari likaruka, likazima. Likaruka tena, likazima tena. Halafu likaondoka kweli, huku likilia, na harufu ya klachi inayoungua ikaanza kupanda ndani, ile harufu kali inayokaa kooni.

"Simama! Unaniunguzia ambrayaji!"

"Papa, inatembea! Angalia, inatembea!"

"Nimesema simama. Toka hapo."

Nilimwambia amwache, kwamba diski yenyewe aliiba kwangu na akitaka nyingine tutakwenda kuiba pamoja. Hakucheka. Binti akashuka, akaja kuketi nyuma kando yangu, akatazama nje mpaka tukafika nyumbani. Vidole vyake vilibaki vimekunjwa juu ya magoti, bado vimeshika usukani.

Baada ya hapo kila alipoomba, jibu lilikuwa tayari. Kwanza alimwambia asubiri, ambrayaji imechoka, haiwezi kufundishia. Akaibadilisha. Binti akaomba tena, akaambiwa ambrayaji ni mpya, ni hasara kuifundishia. Nilimcheka rafiki yangu mbele ya watu kwa hesabu hiyo, naye akanitupia kipande cha chaki ya kuchorea nguo. Mkewe hakuwahi hata kuomba. Alikuwa akisema tu, akitabasamu, "Miye ninajuaka kupanda na kushuka."

Rafiki yangu alianguka mchana, siku moja kabla ya simu ile, mvua ikimwagika, akiwa kwenye cherehani yake barazani. Upande mmoja wa mwili ulikataa, mdomo ukapinda, akawa anatafuta neno na neno halitoki. Gari lilikuwa palepale, mbele ya macho yake. Lilikuwa limeoshwa, oili safi, batri nzima, esansi, yaani petroli, ndani, uso wake barabarani kama siku zote. Mkewe akafungua kamba ya kiunoni ambako mumewe alifunga ufunguo, akatoka nao kwenye mvua akipiga kelele, "Nani anajua gari? Nani anajua gari?" Jirani mmoja anayejua alikuwa kazini Lubunga, ng'ambo ya mto. Vijana walikuja mbio, wote, na wote wanajua pikipiki. Binti akafika kutoka shuleni, amelowa, akaingia kwenye usukani. Akakanyaga, akaweka ya kwanza, akaachia. Likaruka, likazima. Akajaribu tena na tena, baba yake akimtazama kutoka kwenye mkeka, mpaka akaona anamchelewesha, akashuka.

Wakasimamisha motari, mwendesha pikipiki wa kupita ambaye hata hawakumfahamu. Mgonjwa hakuweza kujishikilia, kwa hiyo walimfunga kwa liputa, kitenge cha mkewe, kwenye mgongo wa kijana yule, kama mama anavyombeba mtoto, na mkewe akapanda nyuma kumkumbatia. Mguu mmoja wa mgonjwa uliburuzika kwenye matope na kiatu kikatoka. Binti akakiokota, akakimbia nacho nyuma yao mpaka akaachwa. Mjane alinieleza kwamba hospitalini, mume akiwa amekwisha kulazwa, yeye kiganja kilikuwa kinamuuma, akakifungua aone kuna nini. Alikuta ufunguo wa gari. Alikuwa ameubana njia nzima, umemchimba nyama.

Sijui kama kwa gari angepona. Hakuna aliyeniambia hivyo, na sitamwongezea mjane mzigo kwa mambo nisiyoyajua. Ninachojua ni kwamba mtu aliyewapeleka wagonjwa wa barabara nzima akiwa amewalaza vizuri kwenye kiti alichokishona mwenyewe, yeye alikwenda akiwa amefungwa mgongoni mwa mgeni, mvuani, bila kiatu. Nimelifikiria hilo kila siku tangu tulipomzika, na kila siku linanivunja upya. Na nina hasira naye. Sikudhani ningekuja kuandika hivyo juu ya marehemu, lakini angenijua kuwa mwongo kama nisingeliandika.

Tunasema gari la familia. Tunalitamka kwa fahari, na wengi wenu mnaonisoma mnalo moja uwanjani, zima au bovu. Lakini nitajieni nyumba ambako familia ndiyo inayoliendesha. Baba ana ufunguo, baba anajua kwamba vitesi, yaani gia, ya pili inagoma asubuhi, baba anajua rejeta inavuja wapi na inazibwa na nini. Wengine wanajua kupanda na kushuka. Wala si magari peke yake. Nawajua akina mama wanaomfukuza binti jikoni asije akaharibu mboga, halafu wanasikitika kwamba wasichana wa leo hawajui kupika. Namjua mkuu wa ofisi mmoja ambaye akisafiri, kazi inalala mpaka arudi, naye hilo linampendeza, anaona ni heshima yake. Rafiki yangu hakuwa na majivuno ya namna hiyo. Alilipenda gari lile kwa ajili yetu sote, aliogopa lisije likakosekana siku linapohitajika, na kwa kuogopa hivyo alilifungia katika mikono yake miwili. Siku mikono ile ilipolala, gari nalo likalala, zima kabisa.

Baada ya hitima binti alinifuata nje. "Tonton," alisema, "weye unajua gari. Unifundishe." Jumapili tukatoka, barabara ileile ya Bangboka. Likaruka, likazima, kama kawaida yake. Halafu likaondoka, na harufu ile ikapanda, na nikaona mguu wake unakimbilia breki.

"Inanuka, tonton. Papa angenitosha kwenye kiti."

Nikateremsha kioo cha dirisha. "Iache inuke," nikamwambia. "Endelea."

Akaendelea. Alikuwa akilia na kubadilisha vitesi, akilia na kutazama barabara, nami nilikuwa nikijifanya naangalia msitu upande wangu kwa sababu hali yangu haikuwa bora kuliko yake. Tulifika mpaka karibu na uwanja wa ndege, tukageuza, tukarudi mjini. Langoni kwao nikamwambia aingize gari kwa uso tu, imetosha kwa leo. Akatikisa kichwa. Alisimama barabarani, akageuza shingo kama baba yake, akaanza kurudi kinyumenyume. Alijaribu, akatoka, akajaribu tena, na mwishowe akaingia, akiwa ameivunja taa moja ya nyuma kwenye nguzo ya lango.

Mjane alitoka barazani. Yuko edani, havuki lango, lakini uwanja ni wake. Akavitazama vipande vya taa chini, akamtazama binti yake. "Papa yako angekufa mara ya pili," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamsikia akicheka, na kicheko chenyewe hakikufika mbali, kikageuka kilio. Binti akashuka kumshika. Mama akajipangusa kwa ncha ya liputa, liputa ileile, akamsogeza binti pembeni, akaingia kwenye gari kwa mlango wa dereva. Akafunga mlango. Akaweka mikono kwenye usukani, akachungulia miguuni.

"Bon," akasema. "Ambrayaji iko wapi?"

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya na ufunguo ukiwa mfukoni mwako, nakuomba kwa ajili ya rafiki yangu: Jumapili hii hamia kiti cha pembeni, mwachie mke au binti usukani, na harufu ya klachi ikianza kupanda, teremsha kioo na unyamaze.