Mlio wa Saa Moja na Nusu

Siku ya kwanza ya kazi sikupewa klero. Nilipewa kipande cha kioo cha kunyolea ndevu, nikaambiwa nijitazame midomo.

Aliyenipa ni Bwana Ajida, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu aliyesimamia polisi wa teritwari, yaani wilaya, hapa Uvira. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Klero, kwa ninyi vijana msioijua, ni tarumbeta fupi ya shaba isiyo na kitufe hata kimoja. Sauti zote hutoka midomoni: ukiibana zinapanda, ukiilegeza zinashuka. Kioo kilikuwa cha kuangalia kama unaibana sawasawa. Miezi mitatu nilipuliza hewa tupu mbele ya kile kioo, na mke wangu alinicheka mpaka akachoka.

"Kichwa hapana fanya kazi hii," Ajida alisema. "Mudomo tu. Siku mudomo itajua yenyewe, weye iko mupiga klero."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Saa moja na nusu asubuhi polisi wawili wanavuta kamba, bendera inapanda mlingoti, na mimi napuliza mlio ulioitwa Salamu. Ukiusikia, popote ulipo, unasimama, unavua kofia, unaielekea bendera. Mwenye baiskeli anashuka. Mama mwenye beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani, anaganda nalo kichwani. Hakuna kutembea mpaka nimalize.

Baba yangu alikuwa mlimaji wa pamba huko Runingu. Siku moja aliniletea mihogo asubuhi, akapita mbele ya ofisi bila kusimama, maana kule shambani hawakuwa na bendera. Polisi wakamlaza chini wakamchapa kiboko. Mimi nilikuwa napuliza. Nilimwona, nami nikapuliza mpaka mwisho, kwa kuwa mpiga klero hakatizi Salamu. Nasema wazi: niliona haya, na haya hiyo sijaimaliza. Baba hakunilaumu hata kwa neno moja. Tangu siku ile hakukosa kusimama tena.

Uhuru ulipokuja, Ajida aliondoka na bendera ikabadilika. Tulimpata Komanda, mtu wetu, mweusi kama mimi. Nikamwuliza tutafute mlio gani mpya.

"Mupya wa nini?" akashangaa. "Huu watu wanausikia, wanasimama. Weye unataka wasisimame?"

Basi nikaendelea vile vile.

Kisha waasi wakaingia kutoka upande wa bonde. Komanda akapanda mtumbwi, hatukumwona tena. Ofisi ikafungwa, mlingoti ukabaki mtupu, nami nikatundika klero kwenye msumari ukutani kwangu. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa dirishani nanawa uso, nikaona barabara imenyamaza. Watu wote walikuwa wamesimama. Wanaume kofia mkononi, akina mama na mabeseni yao, wote wameelekea ule mlingoti mtupu. Baiskeli moja ililala chini, gurudumu linazunguka bado. Mbuzi tu ndio waliotembea, wakipita katikati ya miguu ya watu. Yo! Niligeuka kutazama klero kama ni yenyewe inayolia. Ilikuwa kimya kwenye msumari wake. Wakakaa hivyo kwa urefu uleule wa Salamu, kisha wote pamoja wakaendelea na safari, na hakuna aliyetaja jambo hilo.

Mkubwa wangu wa tatu alikuwa Komiseri wa waasi, kijana wa kijiji cha Kiringye aliyesoma kwa wamisionari, kisha akaenda nje kusomea Umaksi. Kila jioni alitufundisha uwanjani, na alijua kusema.

"Ndugu zangu, bepari hatawali kwa bunduki tu. Bunduki inalala. Anatawala kwa shule, kwa sala, kwa wimbo, kwa namna unavyomwamkia. Anakutia mambo yake ndani mpaka unasema ni yako. Siku hiyo hahitaji askari."

Nilimwelewa vizuri mno, mimi niliyeiona ile asubuhi. Lakini yeye aliiona pia, akataka kuikomesha. Akatangaza kwamba atakayesimama saa moja na nusu ni kibaraka. Vibaraka walivushwa ng'ambo ya mto, na waliovushwa hawakurudi. Watu wakaanza kujifungia ndani saa hiyo. Baba yangu, ambaye sasa aliishi kwangu, alitoka na kusimama. Nilimshika mkono, nilimsihi, mke wangu alilia. "Miguu inakataa, mwanangu," alisema. Wakamkamata.

Nilikwenda kwa Komiseri nikapiga magoti. "Minye ni mutoto wake. Ni muzee, si kibaraka."

"Ndugu, nikimwachilia huyu, kesho watasimama wote." Hakuwa mkali, alikuwa kama mtu asiyelala. "Kesho tunapandisha bendera yetu. Weye utapiga mulio mupya niliokufundisha, watu watainua ngumi, minye nitasoma hukumu."

Asubuhi uwanja ulijaa. Baba alisimama chini ya mlingoti, mikono imefungwa nyuma, kofia yake kuukuu kichwani. Nikainua klero. Sauti tatu za kwanza za mlio mpya zilitoka. Ya nne, midomo ikajibana yenyewe. Naapa mbele ya Mungu sikuiamuru. Ilitoka Salamu, nzima, tamu kuliko siku zote. Nilitaka kuiondoa klero mdomoni, mkono ukakataa.

Nilipomaliza nikatazama. Watu wote walikuwa wamevua kofia. Wapiganaji wenye majani vichwani, wale waliopewa dawa wakaambiwa risasi haiwapati, walikuwa wamesimama wima kama watoto wa shule. Na Komiseri, visigino pamoja, kidevu juu, kepi yake mkononi. Kichwa kimoja tu kilikuwa na kofia, cha baba, kwa sababu mikono ilikuwa imefungwa.

Baba akamtazama yule kijana kwa huruma.

"Vaa, mwanangu. Imekwisha." Kisha akamwuliza, "Weye nawe walikuchapa kiboko?"

Komiseri aliitazama kepi mkononi mwake kama kitu cha mtu mwingine.

"Hapana, muzee," akasema polepole. "Minye hawakunichapa hata siku moja."

Akaikunja karatasi ya hukumu bila kuisoma. "Mufungueni," akasema, akaondoka kichwa wazi.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo. Jeshi la serikali liliporudi, Komiseri alikwisha potea milimani, na afisa mpya aliniuliza jambo moja tu: klero iko wapi? Nikapuliza Salamu hadi siku ya kustaafu.

Sasa klero wameichukua, na mlingoti wameuhamishia upande mwingine wa mji, mbali, siusikii mlio. Lakini njoo uone mlangoni kwangu saa moja na nusu. Nitakuwa nimesimama, kofia mkononi, nimeelekea pale ulipokuwa mlingoti. Ukipita usiniamkie. Sitaweza kujibu mpaka Salamu iishe.