Mama alikatwa kilimi, kumbe tatizo liko chini kabisa kwenye neva

Habari za muda huu wakuu. Haya yametukuta nyumbani kwetu na nayaandika yalivyo. Nguvu za kuongeza chumvi zenyewe sina.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge hapa Kibiti. Mama yangu mzazi analima mpunga kule Salale, kwenye delta, mto unapoingia baharini. Kumfikia ni bodaboda kwanza, halafu boti, na boti nayo ni mpaka maji yakubali.

Mwaka jana mama akaanza kukwama chakula. Anameza tonge, linasimama kifuani. Anashushia maji, nayo yanasimama. Baadaye vyote vinarudi, wali bado mweupe, hauna hata uchachu.

Akakonda mpaka nikawa naogopa kumtazama akivua kanga.

Sasa kwetu mtu akikohoa sana au akitapika, mkubwa kwa mdogo, jibu la kwanza ni kilimi. Kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wanasema kimerefuka, kinaziba njia, dawa yake kukikata.

Mama mdogo ndiye aliyeshupaa. Akaleta mkata vilimi mpaka nyumbani kwa mama. Mimi niko Kibiti napima vitenge, napigiwa simu kazi imeshakwisha.

Damu ilimtoka mpaka wakaogopa wenyewe. Kidonda kikapona, na chakula kikaendelea kukwama palepale.

Nikamchukua nikae naye kwangu. Wakuu, kuuguza mtu mwenye njaa ambaye hawezi kula kunamaliza. Unapika uji, unachuja, unampa kidogo kidogo, halafu unakaa kusubiri kama utarudi. Ukirudi, unafuta, unaanza upya. Dukani nilikuwa nasinzia mbele ya wateja. (Mume wangu alikuwa anafua mashuka bila kuambiwa, hilo nalisema wazi.)

Mwisho tukafika hospitali moja Dar. Akanyweshwa dawa nyeupe akapigwa X-ray, akaingizwa kamera kooni. Daktari, binti mdogo tu, akasema ugonjwa unaitwa achalasia na anataka kuipanua njia ya chakula kwa puto.

Mama akagoma.

"Mie sikatwi tena. Kilimi kimekwenda na sijapona. Nirudisheni kwangu nikafe na mpunga wangu."

Nikatoka nje nikalia. Akigoma, maana yake nimwangalie anakufa na njaa huku chakula kiko mezani.

Niliporudi ndani daktari kavuta kiti, kakaa naye karibu.

"Mama, shikamoo tena. Yule alikukata wapi?"

Mama akaonyesha koo.

"Na chakula kinasimama wapi?"

Akashika chini kabisa, kwenye chembe cha moyo.

Daktari akasema pale pana mlango wa kuingilia tumboni. Wakati wote umefungwa, na unafunguliwa na seli za neva zilizomo kwenye ukuta wa njia yenyewe. Seli hizo zina kimeng'enya kinachotengeneza gesi inaitwa nitric oxide. Gesi ikigusa msuli, msuli unalegea, chakula kinapita.

Mimi nikauliza, hicho kimeng'enya kinakaa sehemu gani ya seli? Sijui kwa nini niliuliza, labda uchovu tu.

Akasema ndani ya seli kipo sehemu mbalimbali, kingine kimo kwenye ute wake. Ila kile cha kufungua mlango kiko kwenye ncha za nyuzi za neva, kimejishikiza chini ya utando wa seli, jirani kabisa na msuli. Lazima kiwe karibu, kwa sababu gesi hiyo haiwekwi akiba kama kemikali nyingine za neva. Inatengenezwa ikihitajika, inapenya hapohapo, inaisha. Kwa mama, seli zenyewe zimekufa.

Mama alikuwa kafumba macho. Nilidhani kasinzia.

"Basi mlango upo," akasema, "bawabu ndiye kafa?"

"Ndiyo, mama."

"Na yule kanikata huku juu, wala hakuniuliza kunasimama wapi." Akavuta kanga. "Hilo puto lina kisu?"

"Halina. Ila linaweza kuchana njia, mara chache. Nakwambia ili ujue."

"Haya. Nitieni."

Wakatia. Siku aliyokula wali na samaki vikashuka vyote, nilikaa chini jikoni na mwiko mkononi, nikalala palepale. Wanangu ndio walioniamsha.

Sasa yuko Salale, anapalilia. Mama mdogo alikuja akamwona anakula, na mimi sikuwa na nguvu ya kugombana. Alimpenda dada yake, basi.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujamruhusu mtu amshike mzazi wako na wembe, muulize ugonjwa uko wapi, akuonyeshe kwa kidole. Akishindwa, afunge mkoba wake aende.

Sijamaliza uchovu wakuu. Daktari alituambia ukweli wote: seli zilizokufa hazirudi, puto limepanua njia tu, na siku moja mlango unaweza kubana tena. Kwa hiyo kila nikienda kumwona, mama akichelewa kumaliza sahani, naweka tonge langu chini.

Mwenye mzazi aliyepita hapa aniambie, puto lilipoisha nguvu mlifanyaje? Nataka kujua sasa hivi, mama angali anakula.