Koplo Hatoki Darasani

Shemeji yangu Koplo ni mkaidi, na nasema hivyo huku nikimpenda. Jeshini alikuwa dereva wa malori, akastaafu na kurudi nyumbani na mambo yote ya kambini. Dada yangu akitandika kitanda, mumewe anakitandua na kukitandika upya. Mimi nikichelewa kufungua kibanda changu cha kushona, namkuta mlangoni, mikono nyuma, ananitazama kama kuruta.

Basi si akagombea udiwani! Hoja yake moja tu: shule ya serikali ya mtaani kwetu iletewe mwalimu wa hesabu. Wa zamani alihamishwa, hakuletwa mwingine, na mjukuu wa Koplo yuko darasa la saba pale, mtihani unanukia. Wenye nazo walishapeleka watoto wao shule za kulipia. Sisi akina yakhe tukabaki na ahadi.

Mpinzani wake, tajiri mmoja mwuza saruji, akamkejeli mkutanoni kwamba mtu aliyeacha shule hana elimu ya kutetea. Watu wakacheka. Nilitamani kumvurumishia kiatu. Asubuhi yake Koplo alikwenda kwa mwalimu mkuu, akaomba dawati la nyuma darasa la saba, amngoje mwalimu wa hesabu. Mwalimu mkuu, aliyekwishachoka kuandika maombi yasiyojibiwa, akamwambia karibu.

Walidhani atachoka. Thubutu! Askari haachi lindo mpaka aje wa kumpokea. Kipindi cha hesabu kikifika, Koplo yuko dawatini, magoti karibu na kidevu. Wazazi wakaanza kuchungulia dirishani, mwishowe wakawa wanaingia na kukaa sakafuni. Siku ya mkutano wake mkubwa wa kampeni, jukwaa tayari, muziki unalia, mgombea haonekani. Nikamfuata mbio shuleni.

"Shemeji, watu wanaondoka. Utashindwa."

"Bado sijapokelewa," akasema, wala hakugeuza shingo.

Mwuza saruji akaona darasa linajaza watu kuliko mikutano yake. Akawabana jamaa zake wa idara ya elimu, na kabla ya uchaguzi mwalimu wa hesabu akashushwa pale kwa gari. Koplo akasimama, akampigia saluti, akatoka.

Sasa ona watu walivyo. Wakasema mwalimu si keshakuja, Koplo wa nini tena? Kura nyingi zikaenda kwa mwuza saruji. Nililia kwa hasira, wala sioni haya kusema.

Koplo hakulia. Diwani alipoapishwa, alinichukua twende kumpongeza ofisini. Akampa mkono, akavuta kiti, akaketi wima.

"Hongera, mheshimiwa. Mwalimu wa sayansi naye hayupo. Nimngojee hapa kwako, au nirudi darasani?"

Diwani alimtazama, akanitazama na mimi, kisha akachukua simu.